Krimu yetu ina cheti, lakini binamu ametoka vipele

Shangazi, shikamoo.

Mimi na dada yangu mkubwa tunatengeneza krimu ya nywele, ile ya kupaka na kuiacha kichwani bila kusuuza. Huu ni mwaka wa pili. Dada ndiye aliyebuni mchanganyiko. Mimi napima, nakoroga, najaza makopo na kujibu wateja.

Katika kila gramu 100 tunatia gramu 68 za maji na ute wa mshubiri tunaoukamua wenyewe, gramu 23 za mafuta ya nazi na siagi ya shea, gramu 6 za nta ya kuunganisha maji na mafuta, gramu 2 za mafuta ya manukato (lavenda na ganda la limau) na gramu 1 ya vitamini E. Kihifadhi hatutii. Dada anasema vitamini E inatosha, na kwenye lebo tumeandika: "Asilia tupu, haina kemikali. Hukuza nywele kwa wiki 4."

Mwezi uliopita mteja alirudisha kopo alilolinunua wiki tano kabla. Chini ya kifuniko palikuwa na madoa ya kijivu yenye manyoya. Dada akasema huyo mama ameliweka bafuni, kosa ni lake. Wiki hiyohiyo binamu yetu akanipigia. Ameitumia krimu wiki mbili bila shida yoyote, ya tatu akaanza kuwashwa: nyuma ya masikio, shingoni, na kope zimevimba. Daktari wa ngozi anataka orodha ya vilivyomo. Dada amekataa kuitoa, anasema ni siri ya biashara, na kwamba binamu ana wivu.

Dada ana hoja moja ambayo siwezi kuijibu. Tulipeleka sampuli maabara mwaka jana, siku tatu baada ya kutengeneza, na cheti kikaja: vijidudu chini ya 10 kwa gramu. Tena wateja 12 wametuandikia kwamba nywele zao zimerefuka. Ananiuliza, "Wewe na hiyo maabara, nani anajua zaidi?"

Sasa tuna makopo 40 ya oda, yako tayari, yanasubiri kutumwa. Mimi nataka tusitishe tutie kihifadhi. Dada amesema nikitia kemikali humo, niondoe na jina lake. Shangazi, huyu ndiye aliyenilea na kunisomesha baada ya mama kufariki. Nikinyamaza, naogopa mtu mwingine ataumia. Nikiwaandikia wateja bila yeye kujua, nitakuwa nimemvua nguo hadharani. Nifanye nini?

Mpimaji asiyelala

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina tarehe tatu ambazo zinafaa kutazamwa kabla ya hoja zenu. Sampuli ilikwenda maabara siku ya tatu. Binamu alianza kuwashwa wiki ya tatu. Kopo lilirudi wiki ya tano. Ninyi mnabishana kuhusu neno moja, "salama", na kila mmoja ana ushahidi wake, lakini kila ushahidi unajibu swali jingine kabisa. Ndiyo maana hamfiki popote.

Na swali lako wewe si la krimu peke yake. Unauliza utamwambiaje aliyekulea kwamba kazi ya mikono yake ina kasoro, bila kuonekana umesahau ulikotoka. Nitalifikia hilo. Niruhusu nianze na krimu, kwa sababu kuna mahali naona hata wewe umeunganisha vitu viwili ambavyo huenda havihusiani.

Umeona ukungu, ukasikia vipele, ukahitimisha kwamba kukosa kihifadhi ndiko kulikomdhuru binamu. Inawezekana, ila dalili ulizozitaja hazielekei huko. Krimu iliyoingiwa na bakteria, ikileta madhara, mara nyingi huleta vijipu vidogo vyenye usaha kwenye vinyweleo, au huambukiza ngozi iliyokwisha kuchubuka. Kitu kinachochoma ngozi moja kwa moja nacho huanza mapema, ndani ya dakika au saa. Mtu anayetumia kitu wiki mbili kwa raha, kisha anaanza kuwashwa, anafanana zaidi na mwenye mzio wa mguso. Mwili huhitaji kama siku 10 hadi 14, au zaidi, kujifunza kukikataa kitu. Ukishajifunza, kila mguso huleta vipele baada ya siku moja hadi tatu. Mahali penyewe pia panasema: ngozi ya kichwa ni ngumu na huvumilia, kwa hiyo mzio wa kitu cha nywele hujitokeza pale kinapochuruzikia penye ngozi laini, yaani kope, masikio na shingo. Anayeweza kuthibitisha ni daktari wake, si mimi, lakini uwezekano huu una maana nzito kwenu: hata mngetia kihifadhi bora kuliko vyote, binamu angeweza kuvimba kope vilevile.

Ningeangalia kwanza zile gramu 2 za manukato. Katika kopo la gramu 200 hizo ni gramu 4, ambazo ni karibu matone 100, na zinakaa juu ya ngozi mchana na usiku. Kwa kitu kisichosuuzwa watengenezaji waangalifu hubaki asilimia 1 au chini yake, na kwa kinachogusa uso hushuka hadi nusu asilimia. Kisha uliza: hizo chupa za lavenda na limau zilifunguliwa lini? Lavenda ina linaloli, ganda la limau lina limonini. Zikiwa mbichi si tatizo kubwa, lakini zikikaa kwenye chupa iliyobaki nusu, hewa ikiingia kila ifunguliwapo, hugeuka kuwa haidroperoksidi, na hizo ndizo zinazoamsha mzio kwa nguvu. Chupa yenye mwaka mmoja na hewa nusu haina tena kile kilichoandikwa juu yake. Ngozi nayo haiulizi kama linaloli imetoka shambani au kiwandani. Molekuli ni ileile.

Tuje kwenye cheti, maana ndicho kilichokufunga mdomo. Usikidharau. Chini ya vijidudu 10 kwa gramu ni matokeo mazuri sana. Kipimo cha kimataifa cha vipodozi vya kawaida huruhusu hadi 1,000, na 100 kwa vya watoto wa chini ya miaka 3 na vya eneo la macho. Cheti kinasema mlifanya kazi kwa usafi na kwamba siku ile kopo lile lilikuwa safi. Hakisemi lolote kuhusu siku ya 20, baada ya kidole chenye maji kuingia humo mara 40.

Swali la siku ya 20 lina jaribio lake, lenye namba ISO 11930. Maabara huichukua krimu na kuipandikiza vijidudu kwa makusudi: *Staphylococcus aureus*, *Pseudomonas aeruginosa*, *Escherichia coli*, chachu ya *Candida albicans* na ukungu wa *Aspergillus brasiliensis*. Bakteria hutiwa kati ya 100,000 na 1,000,000 kwa kila gramu. Kisha huhesabiwa siku ya 7, ya 14 na ya 28. Kwa kigezo cha juu, bakteria lazima wawe wamepungua mara 1,000 ifikapo siku ya 7, chachu mara 10, na ukungu usiongezeke hadi siku ya 14 na uwe umepungua mara 10 siku ya 28. Wakishashuka wasipande tena. Krimu yenye maji mengi kiasi hicho, ute wa mshubiri wenye sukari ya kulisha vijidudu, na bila kihifadhi, sioni itapitia wapi. Vitamini E huzuia mafuta yasichache. Kwa bakteria na ukungu haifanyi kitu. Hapo dada amechanganya kazi mbili, na si yeye peke yake. Kosa hili limejaa kila mahali.

Kuhusu yale madoa, kuna swali la kujiuliza wenyewe kabla ya kumlaumu mama wa bafuni. Mnajaza makopo krimu ikiwa na joto gani? Ikijazwa ya moto na kufunikwa papo hapo, mvuke hugonga kifuniko, hugeuka matone na kudondokea juu ya krimu. Hapo juu panakuwa na utando wa maji matupu, na ukungu huanzia hapo hapo, chini ya kifuniko, kama ulivyoeleza. Acheni ipoe hadi iwe sawa na joto la chumba, makopo yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa safi, ndipo mfunge. Na jihadhari na kosa la kinyume: punje nyeupe ngumu ndani ya krimu mara nyingi ni siagi ya shea iliyopoa polepole, wala si ukungu. Manyoya ya kijivu ni habari nyingine.

Sasa hofu ya dada kuhusu "kemikali". Ina chembe ya ukweli, na ukimpa chembe hiyo kwanza huenda akakusikiliza. Vihifadhi vingine vimeleta mzio kwa watu wengi. Methilisothiazolinoni ilisambaa kiasi kwamba Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2017 kwenye vipodozi visivyosuuzwa. Kwa hiyo kuna la kuchagua, na kila chaguo lina mtego wake. Fenoksiethanoli, ambayo Ulaya huruhusu hadi asilimia 1, hutiwa krimu ikishapoa chini ya nyuzi 40. Peke yake ni dhaifu kidogo kwa ukungu, hivyo huuzwa ikiwa imechanganywa na nyingine. Sodiamu benzoeti na potasiamu sorbeti zinakubalika na wapenda asilia wengi, ila hutegemea pH, yaani kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi huzidi. Kinachoua vijidudu ni ile sehemu iliyo katika hali ya asidi. Kwa benzoeti, pH ikiwa 4.2 nusu yake inafanya kazi; ikiwa 5.2 imebaki sehemu 1 kati ya 11, ikiwa 6.2 ni kama sehemu 1 kati ya 100. Watu huitia kwa kipimo sahihi, pH ikiwa 6.5, kisha ukungu unaota na wao wanasema vihifadhi laini havina nguvu. Kupima ni rahisi: gramu 1 ya krimu, gramu 9 za maji yaliyosafishwa, koroga, chovya karatasi ya pH. Ikiwa juu ya 5, shusha kwa matone ya asidi ya sitriki iliyoyeyushwa, ukipima kila mara.

Kuna njia nyingine ambayo dada anaweza kuipenda bila ugomvi: kuacha maji kabisa. Mafuta, siagi na nta bila maji hayahitaji kihifadhi cha vijidudu, na hapo ndipo vitamini E inafanya kazi yake halisi. Hatari yake ni kidole chenye maji, kwa hiyo mrija au kichupa cha kubana kinafaa kuliko kopo. Lakini mjue hicho kitakuwa kipodozi kingine. Mafuta hufunga unyevu uliopo, hayaleti unyevu, na wateja waliozoea ulaini wa krimu watauliza.

Wale wateja 12 nao tusiwapuuze, ila tuwasikie vizuri. Nywele za kichwani hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, wapake wasipake. Katika wiki nne mteja ataona sentimita hiyo na kuishukuru krimu. Isitoshe, nywele za mkunjo zikilainika hulegea na kunyooka kidogo, zikaonekana ndefu. Hakuna aliyedanganya. Kilichokosekana ni upande wa kulinganisha. Kama mnataka kujua, tengeneza krimu mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kile mnachodai kinafanya kazi, mtu wa tatu aandike A na B na kuficha siri, kisha mtumiaji apake A kulia na B kushoto kwa wiki 8. Kabla ya kuosha, chana kila upande kwa sekunde 60 kwa kitana kilekile juu ya kitambaa cheupe. Tenganisha kilichoanguka: unywele wenye kinundu cheupe mwishoni umetoka wenyewe kwa zamu yake, kipande kisicho na kinundu kimekatika. Krimu yenu ina nafasi ya kushinda kwenye vipande. "Hupunguza kukatika" ni dai mnaloweza kulipima. "Hukuza nywele" huhitaji miezi minne hadi sita ya vipimo, na katika nchi nyingi husukuma kipodozi kuelekea kundi la dawa, lenye sheria zake.

Kadhalika usalama: watu 12 wasiolalamika wanafariji kuliko wanavyothibitisha. Hesabu ya haraka ni kugawa 3 kwa idadi ya waliotumia bila shida. Kwa 12, madhara halisi bado yanaweza kumfika hata mmoja kati ya wanne; kwa 60, mmoja kati ya 20. Ndiyo maana majaribio ya mzio ya kitaalamu huchukua watu 100 hivi: viraka 9 vyenye krimu hubandikwa mgongoni kwa wiki tatu, mapumziko ya wiki mbili, kisha kiraka kimoja mahali papya. Mnachoweza kukifanya wenyewe, tena kwa watu waliokubali na kuelewa, ni kupaka krimu mara mbili kwa siku kwenye eneo la sentimita 5 kwa 5, ndani ya mkono karibu na kiwiko, kwa siku 14, na kuacha mara muwasho unapoanza. Kupaka usiku mmoja na kusema "mbona sijawashwa" hakujibu kitu, kwa sababu mzio ulioueleza haujapata hata muda wa kuzaliwa. Wewe na dada msijihesabu. Mmeishika krimu, huu ni mwaka wa pili.

Makopo 40. Najua unataka niseme tuma au usitume. Nitakuambia kila njia ina nini ndani. Ukiyatuma yalivyo, kila kopo ni kamari, na safari hii mmekwisha kuonywa. Ukiyatuma na maelekezo ya jokofu, kijiko safi na kumaliza ndani ya siku 7, unapunguza hatari kwa anayesoma maelekezo, na wengi hawasomi. Kuyafungua na kukorogea kihifadhi ndani kunavutia, lakini hakisambai sawasawa ndani ya kopo lililojaa, na kihifadhi hulinda krimu iliyo safi, hakisafishi iliyokwisha kuingiliwa. Kuchelewesha oda kunagharimu fedha na heshima ya dada, lakini ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoweza kurekebishwa kesho. Vibao vya kupimia vijidudu nyumbani, vilivyopakwa chakula cha kuviotesha, vinaweza kukusaidia kuona: unachovya, unakiweka kwenye nyuzi 30 hivi siku mbili hadi tano, kikiota unakitia dawa ya kuua vijidudu na kukitupa bila kukifungua. Kisipoota, umejua tu kwamba leo hakuna kitu pale ulipochovya. Kwa cheti cha dada umekwisha kuliona hilo.

Na dada mwenyewe? Umesema ukiwaandikia wateja utamvua nguo. Ni kweli, na ukinyamaza kisha mteja mwingine akaumia, atavuliwa na mtu asiyempenda. Ila sidhani mmebaki na njia hizo mbili tu. Anaposema "nani anajua zaidi", huenda hasikii swali la kihifadhi kabisa. Anasikia mtoto aliyemlea akimwambia hakujua alichokuwa akifanya. Jaribu kumpelekea kitu ambacho mtakiangalia pamoja, badala ya hoja ya kumshinda. Chukueni makopo mawili ya bechi moja. Moja lisiguswe. La pili dada mwenyewe alifungue kila siku, achovye kidole chenye maji kama mteja anavyofanya, asiipake popote, na liwekwe bafuni. Tarehe iandikwe kwa mwandiko wake. Baada ya wiki tano hutahitaji kusema mengi, hata kama matokeo yatakuwa upande wake. Jiulize pia hili: kama atakataa hata hilo, uko tayari jina lako wewe libaki kwenye lebo isemayo "haina kemikali"? Hilo ni lako kuliamua, na halihitaji ridhaa yake.

Jambo la binamu nimeliacha nje ya mizani hii, kwa sababu halingoji wiki tano na wala halivunji siri ya mtu. Daktari anataka majina ya vilivyomo, si vipimo wala hatua. Mapishi ya dada yako kwenye gramu na mpangilio. Majina peke yake hayampi mtu krimu yenu, na kwenye nchi nyingi ni wajibu yawe kwenye lebo tangu mwanzo. Mwambie dada hivyo, kwa maneno hayohayo. Orodha iseme lavenda na ganda la limau waziwazi, isiseme "manukato". Daktari atabandika viraka mgongoni, vikae siku mbili, kisha asome siku ya pili na ya nne. Binamu aache krimu kabisa, asijijaribie mwenyewe wakati kope bado zimevimba, na kopo lililobaki asilitupe. Alifunge, aandike tarehe aliyolinunua na siku aliyoanza kuwashwa, aende nalo.